Isiyo na Breki

Miaka kumi na tisa napeleka mkate,
Majengo, Guraya, Sarigoi, hadi mteremko wa Buxton,
kwa blakimamba yenye kreti mbili nyuma,
nikidhani baiskeli naijua
kama mtu alijuavyo godoro lake.

Jumamosi moja nikafuata mvumo wa matairi
nyuma ya maghala ya Shimanzi:
duara la saruji, kingo zimeinuka
kama bakuli lililosahauliwa juani,
nyufa zimezibwa kwa lami,
na kunguru watatu wakiukagua mstari mweusi
kana kwamba wao ndio waamuzi.

Mkawasi, kocha, kovu toka kiwiko hadi kifundo,
akanitazama viatu, tumbo, kisha tumbo tena.
"Unajua kuendesha?"
"Tangu nizaliwe."
"Basi leo utazaliwa upya. Shilingi mia. Kofia ile pale."

Kofia ilikuwa na jasho la watu nisiowajua.
Baiskeli, nyepesi kama deni la mtu mwingine.
Nikapapasa breki: kulia hamna, kushoto hamna.
Nikaacha kukanyaga, kama nifanyavyo nikifika kwa Bi Shamsa,
na pedali zikaniambia, wapi!
Zikaichukua miguu, zikayarusha magoti,
nikazungushwa mara mbili huku napiga ukelele
hadi nikaukumbatia uzio.

Vijana wakacheka.
Wacha wacheke, kicheko hakina ushuru.

"Hapa husimami kwa mkono," akasema Mkawasi.
"Unasimama kwa mguu uleule uliokupeleka,
uubembeleze, usiugombeze.
Na kule juu, ukiogopa ukapunguza, utaanguka.
Ukiogopa, kanyaga."

Neno hilo nililala nalo.
Mbeyu, mke wangu, akaniuliza usiku
mbona magoti yanacheza chini ya shuka.

Wiki ya nne niliupanda ukuta.
Niliogopa, nikakanyaga,
na kreni za bandari, tangi la maji, nguo za watu kwenye kamba,
vyote vikalala ubavu,
mimi peke yangu nimesimama wima.
Hivyo ndivyo nilivyoona.
Mkawasi aliona mtu amefumba macho.

Mashindano ya wageni: mizunguko kumi na miwili.
Tulikuwa tisa. Nikajibanza nyuma ya Nyamvula,
muuguzi, katoka zamu ya usiku,
karibu hata nikasoma maandishi ya tairi lake.
Upepo ulimpiga yeye, mimi nikapokea salio.
Mzunguko wa nane, wa tisa,
chumvi machoni, ulimi mkavu kama kitambaa cha meza,
nikawaza: mbona rahisi?

Kisha ikagongwa rimu ya lori iliyotundikwa mlingotini,
mzunguko wa mwisho,
nami nikachomoka, mapema mno,
mapema kama mgeni anayefika harusini
kabla viti havijapangwa.
Nusu duara niliongoza. Nusu nzima!
Hakuna mgongo mbele yangu, saruji tu, nyeupe, na kelele.
Halafu mapaja yakageuka uji.
Nyamvula akapita bila hata kuhema,
wakapita na wengine, sikuwatazama majina.

Wa saba.
Wawili walikuwa nyuma yangu;
mmoja alikatikiwa na mnyororo,
lakini namhesabu.

Jumatatu, alfajiri, kreti zimejaa.
Mteremko wa Buxton nikaiacha miguu itulie,
friwili ikaanza trrrr, trrrr,
sauti niliyoipenda miaka yote, sauti ya kupumzishwa.
Leo ilikuwa kama mtu anayeendelea kuniongelea
nami nimeshaondoka.

Nikakanyaga.
Mteremkoni, bila haja, na mikate arobaini mgongoni,
paka akaruka mtaroni, mlinzi akaniita mwendawazimu.

Bi Shamsa akafungua mlango, kanga begani,
akaupokea, akauhamisha mkono huu, mkono ule.
"We Mkate," akasema, "mbona leo bado una moto?"