Ijumaa, Saa Kumi na Moja na Robo

Baba alikuwa fundi wa saa, Barabara ya Accra,
kibanda cha upana wa mlango mmoja,
lenzi nyeusi jichoni, mate kwenye kidole.
Leo analala Kayole, ghorofa ya nne,
nami nimeshika bomba la sindano lisilo na ncha
na mofini ya kijani aliyotuachia Sista Muthoki:
mililita tano, kila baada ya saa nne.

Tangu asubuhi amesema mara moja tu.
"Bosibori. Nisogezee mshale."

Nilimwelewa. Nani asingemwelewa?
Saratani imekula koo, ikala nyimbo,
ikaacha macho, yale ya kusomea meno ya vyuma vidogo.
Chupa ina robo tatu. Chupa haina mlinzi.
Kuna mimi, na kalenda ya kanisa ukutani,
na jerikeni zinazojaa bafuni, maana leo ni siku ya maji.

Onsare amepiga simu kutoka Doha.
Anataka Baba arudishwe hospitali, awekewe mashine;
atauza shamba la Nyamira, ataanzisha kundi la mchango.
"Yoshua alisimamisha jua," akasema, analia.
Siku moja, Onsare. Na walikuwa vitani.
Kisha likatua.

Mchungaji Ogeto alikuja Jumatano.
Alisoma amri ya sita. *Usiue.*
Herufi tano, hazina dirisha.
Baba akaanza kutapika, mchungaji akaweka Biblia juu ya friji,
akakunja mikono ya shati, akashika beseni
mpaka mwisho, bila kugeuza uso.
Aya nimeisahau ilikuwa ya ngapi.
Beseni lilikuwa la bluu.

Nilipokuwa na miaka minane, Jumamosi moja,
watoto wa ploti wakicheza kati chini ya dirisha,
nilipanda kiti nikausogeza mshale wa saa ya ukutani
ili Sabato iishe.
Baba hakunichapa. Alinishika mkono hadi kwenye roshani,
akanionyesha jua, bado limekaa juu ya mabati ya watu,
nono, halina haraka.
"Haya," akasema. "Liambie na lile."

Kwa hiyo sijui leo ameniomba nini.
Kifo, au ananitania?
Au mtu akiumwa hivi
hayo mawili hukaa kiti kimoja?

Sista alinieleza: hii inatuliza, haiui.
Akifa umempa kipimo, ni ugonjwa umemuua.
Pima. Andika kwenye daftari.
Namwamini. Lakini mkono wangu haujasoma teolojia;
unaona tu kwamba kati ya tano na hamsini
kuna kusukuma kidogo kwa dole gumba.

Nilipima tano.
Nikaiangalia dhidi ya mwanga, kama yeye alivyoangalia vioo.
Nikampa kwa pembe ya mdomo, polepole,
nikamfuta, nikapaka mafuta midomo.
Halafu nikaburuta kitanda, miguu yake ikikwaruza saruji,
jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio,
mpaka Baba akatazama magharibi,
tangi za maji, antena, na lile lenyewe juu yake.
"Liambie," nikamwambia.
Akatoa sauti. Kikohozi, labda.
Mabega yalitikisika kama ya mtu anayecheka.

Hakufa jioni hiyo. Wala Sabato.
Alikufa Jumanne, saa tatu asubuhi,
nikiwa bafuni nafunga mfereji.

Sista Muthoki alikuja kuchukua chupa.
Akamimina iliyobaki kwenye kikombe cha kupimia,
akainama, akalinganisha na daftari, mstari kwa mstari.
Ikatosha.
Akaniuliza, bila kuinua macho, kama nilijaribiwa.

Kila baada ya saa nne, nikamwambia.