Dari ya Zhiguli

Gari la babu Hmayak lilikaa miaka kumi na minne
nyuma ya banda la kuku, matairi yamezama udongoni,
kutu ikilitafuna taratibu kuanzia chini ya milango.
Zhiguli, ile ndefu yenye mgongo wa sanduku,
zamani nyeupe ya maziwa, sasa rangi ya meno ya mvutaji.
Nina miaka kumi na tisa, leseni mpya mfukoni,
na mshahara wa duka la mikate
usionunua hata mlango wa gari la maana.
Nikamwambia mama: nipe hilo.
Mama, macho yake bado kwenye unga:
"Chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Kalipime."

Sikulipima.

Hapa Gyumri Novemba haina adabu:
baridi inashika spana, spana inashika ngozi,
ukivuta mkono, ngozi inabaki kazini.
Kabureta niliilaza kwenye petroli siku tatu
ndani ya chupa iliyokuwa ya kabichi ya siki.
Ndani ya chujio la hewa panya walishafanya arusi,
wakatandika kadi ya mwaliko ya mtu mwingine.
Mjomba Sarkis alituma klachi kutoka Rostov,
imefungwa kwenye soksi zake,
na soksi nazo nikazivaa.
Mama alikuwa akipita na ndoo ya maganda.
Siku moja akasimama, akasikiliza injini ikikohoa.
"Plagi ya tatu," akasema. "Huwa ya tatu."
Nikainua kichwa kumuuliza amejuaje,
nikaona kuku tu.

Ikafika zamu ya kitambaa cha dari.
Kilining'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba,
kinanuka unyevu na tumbaku.
Nikawasha tochi nitafute kilipogundishwa,
nikaona vistari vya wino,
vinne vinne, cha tano kikivikata,
juu ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto,
pale unapofika mkono wa mtoto aliyelala chali.
Arobaini na kimoja.

Katika mji huu mtu haulizi ni Desemba ipi.
Ardhi ilishtuka mara moja, nyumba zikakaa chini,
na watu saba wakahamia ndani ya Zhiguli moja.
Babu, nimesikia, aliwasha injini dakika tano kila saa,
joto la kugawana kama mkate,
kisha akaizima, wakaisubiri saa nyingine.
Kuhusu kalamu sikuwa nimesikia.
Mama alikuwa na miaka tisa.

Nikaenda kumwita, hotuba tayari mdomoni:
tutakikata vizuri, tutakiwekea fremu na kioo,
kitakaa sebuleni juu ya redio.
Akaja na ndara zake na unga viganjani,
akaingia, akajilaza kiti cha nyuma,
miguu ikabaki nje kwenye theluji.
Akanyamaza muda wa chai kupoa.
"Zilikuwa arobaini na mbili," akasema.
"Kuna usiku nililala mapema."

Halafu akashika pindo, akavuta.
Kikaja chote, na vumbi lake, na gundi iliyokauka,
nikapiga kelele kama nimechomwa.
Akanitazama vile ninavyomtazama mteja
anayebonyezabonyeza mikate asinunue.
"Unataka gari," akasema, "au unataka kaburi?"

Akachana kipande, sikuona kama kilikuwa na wino.
Akafungua boneti bila kuuliza komeo liko wapi,
akachomoa kijiti cha oili, akakifuta,
akakitumbukiza tena, akakiinua kwenye mwanga
huku jicho moja amelifumba.

"Imepungua kidole kimoja.
Ongeza."