Kula Chumvi

Kwetu mzee husemwa amekula chumvi nyingi.
Hapa Barrie, kando ya Ziwa Simcoe,
nimewalisha chumvi viroboto-maji hamsini
na hakuna aliyezeeka.

Jumatatu niliwagawa kwa pipeti, kumi kila chombo:
hawa maji matupu, wale chumvi ya barabarani
niliyoichota mwenyewe kwenye rundo la manispaa
kwa kijiko cha chai.
Aliye mkubwa hafiki punje ya mtama.
Mwili kioo. Unauona moyo ukipiga mbiombio,
utumbo wa kijani, na mgongoni
mayai sita, ushanga ndani ya mfuko.

Jumanne waliruka kama kawaida. Ruka, tua, ruka.
Jumatano, chombo cha nne,
mmoja alikuwa amelala chini, mkono mmoja ukijaribu.
Moyo bado.
Maureen Tuplin akasema: tikisa kidogo,
asipoogelea sekunde kumi na tano, mwandike.
Nilitikisa. Nikahesabu hadi thelathini.
Nikamwandika.

Cha tatu wako hai, lakini mayai ni mawili,
kwingine moja, kwingine mgongo mtupu.
Fomu haina safu ya hilo.

Mume wangu Makame anaendesha lori la chumvi.
Huondoka saa nane usiku theluji ikianza,
humwaga tani saba kuanzia hospitali
hadi ufukweni, na simlaumu:
mwaka juzi Bi Klassen wa mlango wa pili
aliteleza akifuata barua, nyonga ikavunjika,
tukamsikia akiita kwa Kijerumani, lugha ya mamaye.
Tangu hapo Makame akifika kwake
hupunguza mwendo, akazidisha mkono.

Aprili theluji huondoka.
Chumvi haina pa kuondokea;
hushuka mfereji kwa mfereji,
ikakaa chini ya ziwa, nzito, kama deni
lililoandikwa kwa jina la mtu asiyejua kusoma.

Leo amerudi alfajiri. Amelala na soksi,
midomo yake ina ladha ya kazi.
Buti zimeacha ramani nyeupe kwenye vigae
na mimi nimepiga deki, kipande kwa kipande,
mpaka sakafu ikang'aa.

Sasa nimesimama na ndoo.
Sinki, choo, bomba la uani:
kila tundu la nyumba hii
linaijua njia ya ziwani.