Mkaja

Siku ya tatu tangu Maweni waniruhusu
shangazi Mwamini alikuja kutoka Ujiji na kanga mbili kuukuu,
akanilaza mkekani, akanikita goti ubavuni,
akanifunga tumbo kama afungaye mzigo wa treni.
"Utapumua baadaye," alisema. "Sasa kaza."

Arobaini nzima nikalishwa.
Uji wa pilipili manga, supu ya kuku,
sombe iliyozama kwenye mawese hadi bakuli likaona haya,
ugali wa muhogo, mgebuka, kisha ugali tena,
"kwa ajili ya maziwa."
Na maziwa kweli yalikuja,
yakaja na mapaja, yakaja na shingo ya pili,
yakaja na tumbo ambalo, mkaja ulipofunguliwa,
lilishuka likatulia
kama mgeni aliyeambiwa karibu, akavua viatu.

Kila mwezi kliniki Misigaro ananing'inizwa kwenye mzani
ndani ya kaptula ya kamba, anapiga hewa mateke.
Nesi anasoma: tano na nusu. Hongera, mama!
Watu wakipungua napanda ule wa sakafuni.
Themanini na sita.
Nesi anatafuta kifuniko cha kalamu.

Nikaanza mtoto akiwa na miezi minne.
Alfajiri nashuka hadi stesheni,
nageuka, naukabili mlima wa Mwanga.
Kushuka ni kwa kila mtu.
Kupanda nilihesabu nguzo za umeme:
nguzo tatu, nakaa. Nguzo mbili, nakaa.
Wanawake wa dagaa kutoka Kibirizi
wakanipita na ndoo kichwani, shingo zimenyooka.
"Dada, umeachwa na treni?"
"Treni ndiyo mimi," nikajibu, nikihema.

Mawese nikayapima kwa kijiko.
Kijiko kimoja, na sufuria ikaninunia.
Nusu ya ugali wangu nikaihamishia sahani ya mume.
Akanenepa yeye.

Usiku ndio ulionishinda.
Saa nane mtoto yuko ziwani,
na lile ziwa jingine linakoroma kule chini gizani,
nami nimesimama jikoni,
kichwa chake begani, ukoko mkononi,
natafuna polepole nisijisikie.

Wiki tisa mzani haukusogea,
hata kwa kunionea huruma.
Wifi Estelia akauliza kama ndio mwili wangu sasa.
Kilo mbili za kwanza zilipoondoka
akauliza kama kaka yake hanilishi.

Nikampigia mama, Kasulu.
Nilikuwa nimekumbuka siku ya mahari,
ile bahasha nyembamba, "hii ni ya mkaja wa mama,"
na sisi chumbani tukicheka:
elfu thelathini, mama atanunua mkanda?
Nikamuuliza, lako lilirudi lini?
Akanyamaza. Nikasikia anafunika chungu.
"Lipi? Lako ninalo bado.
La wadogo zako lilikuja likalikuta."
Tukacheka mpaka vocha yangu ikakata.

Leo nimezipita nguzo zote kumi na saba,
Misigaro mgongoni, kilo nane na robo,
nimembeba kwa ile kanga ya shangazi.
Sikukaa. Niliegemea moja tu, ya kumi na mbili,
na hiyo haihesabiki, nilikuwa namfuta kamasi.
Sabini na tisa, alisema nesi wiki jana.
Akasema kwa sauti.

Lakini gauni la kitenge bado linagoma kiunoni.
Nikalipeleka kwa fundi Hamimu, nimelikunja ndani ya mfuko mweusi
kama kitu cha wizi.
Hakuuliza. Aliligeuza nje-ndani,
akafumua mshono kwa wembe, taratibu,
na humo ndani kitambaa kilikuwepo,
rangi yake mpya, haijawahi kuona jua,
vidole viwili kila upande.
"Huwa naacha," alisema,
akaomba nimsogezee kiti.