Nyundo ya Sukari

Miaka arobaini na moja nilivunja sukari
katika soko la Tabriz, chini ya dari ya matofali.
Mabonge marefu, meupe,
yaliyochongoka kama kofia za madarweshi.
Nyundo mara tatu, kisha koleo,
mpaka kila kipande kikatoshea shavuni.

Huku kwetu sukari haitiwi ndani ya chai.
Kipande hubanwa kwa meno ya mbele,
chai ikapita juu yake, ya moto, nyekundu,
ikakiyeyusha taratibu ikiteremka.
Glasi moja, vipande viwili. Glasi kumi kwa siku.
Hesabu mwenyewe.
Mimi sikuhesabu,
mpaka kilichobaki cha kuhesabiwa kikawa meno:
manne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
nilizoea kuwaambia wadaiwa wangu.
Kumbe ufa wenyewe niliupima kwa mizani kila asubuhi
na kuuuza kwa kilo.

Jumatano nilimpeleka mjukuu wangu Solmaz kwa daktari wa meno.
Gego lake la kwanza la utu uzima
limechomoza majira haya ya theluji,
na tayari lina doa,
dogo kama kichwa cha sindano.

Daktari Behnaz hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.
"Si wingi tu, baba. Ni mara ngapi.
Kila kitamu kinapoingia, vijidudu huamka,
vikala, vikamwaga uchachu juu ya jino.
Mate huja kufagia, lakini mate hayana haraka.
Ukimpa kingine kabla hayajamaliza,
umemnyang'anya mfagiaji ufagio."

Mfukoni mwa koti nilikuwa na vipande vinne,
kimoja kwa kila kona ya njia ya nyumbani.
Ndivyo nilivyomfundisha kutembea.

Kona ya kwanza akanyosha kiganja.
Nikaweka kidole changu humo.
"Babu, umesahau."
"Sikusahau."
Alilia kona ya pili yote, na nusu ya tatu,
mpaka watu wakaniangalia kama mwizi wa watoto.

Kwa muuza mboga tulinunua matango madogo,
tufaha mbili ngumu, fungu la rihani.
Nikanyosha mkono kwenye zabibu kavu,
nikidhani nimepata ujanja.
Nikakumbuka jinsi zinavyonata katika mabonde ya gego
kama mdaiwa kwenye mlango wa nyuma.
Nikazirudisha.

Jozi alizikataa: "Zinafanana na ubongo wa panya."
Sikubishana, kwa kweli zinafanana.
Lakini jibini ya Lighvan, nyeupe, ya chumvi,
yenye matundu kama ukuta wa zamani,
nilipoikunja ndani ya mkate mwembamba
pamoja na rihani, na panya wawili niliowaficha katikati,
alikula bila kuuliza.
Kisha akauliza: "Kuna kingine?"

Sasa nyundo iko jikoni.
Jozi huvunjika kwa pigo moja,
hazina kiburi cha sukari.
Zake namwachia nusu nusu, azitafune zilie.
Zangu nazitwanga unga, nazichanganya na jibini,
nazilamba kwa kijiko kama mtoto mchanga.
Kila mtu na meno yake.

Tumekubaliana: sukari ni Ijumaa,
mezani, baada ya chakula, kipande kimoja,
kisha maji.
Solmaz ameandika kwa kalamu ya rangi
na kubandika kwenye birika la umeme.

Jana usiku, nyumba imelala,
nilijimiminia chai gizani.
Mkono una mazoea yake, hauombi ruhusa.
Kifuniko cha bakuli kikalia: ting.

Kimya.

Kisha kutoka chumba cha pili, sauti ndogo,
yenye usingizi na meno ishirini na manne:
"Babu. Leo ni Jumanne."