Mbuzi Kumi na Tisa

Mfamasia wa Al-Khuwair aliandika namba
nyuma ya mfuko wa dawa, kwa kalamu ya kijani,
akanisukumia pamoja na chenji, kama si kitu.
"Jumanne, baada ya Isha. Mabela, nyuma ya fundi cherehani."
Nikautia mfuko kwenye droo ya vijiko.
Wiki sita.

Kwetu ugonjwa huu haukuwa na jina.
Bibi, aliyekuja Maskati na Kiswahili chake na mkoba mmoja,
alisema: kapandisha.
Mama alisema: jicho la watu, kwa ile gari mpya.
Daktari alisema "ncha mbili", kwa Kiarabu safi,
akachora mstari wenye vilele na mabonde
kama njia ya kwendea Nizwa.
Mimi nilisema sina kitu, nimechoka tu.
Au: sijui kuchoka. Ilitegemea mwezi.

Jumanne ile nilizunguka raundabauti mara nne.
Ya tano, mwanamke akatoka na tochi ya simu,
akasimama kwenye vumbi, akanielekeza pa kuegesha
kama anayepokea ndege.
Hakuniuliza jina.
"Sote tulizunguka," alisema.

Ndani, viti saba vya plastiki, hakuna viwili vya rangi moja;
kanzu za harusi ya mtu zimening'inia juu ya vichwa vyetu;
kahawa, tende, na jagi la maji,
maji mengi, maana joto hili na lithiamu havipatani,
na kila aliyekaa pale anaijua kiu
isiyo ya funga.

Azzan, mhasibu, alianza bila kuombwa.
Alikuwa hajalala usiku wa tano.
Akaendesha hadi Nizwa, alfajiri ya Ijumaa,
mnadani, akanunua mbuzi kumi na tisa.
Anakaa ghorofa ya tatu.
"Niliwapandisha kwa lifti," alisema,
"wanne wanne. Safari ya mwisho watatu."

Nikacheka. Nikaogopa kwamba nimecheka.
Wakacheka kunizidi, na Azzan kuwazidi wote,
mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba,
na polepole akasema yaliyofuata:
mkopo wa benki, bangili za mkewe,
siku arubaini kitandani akisikiliza kiyoyozi.
Hakuna aliyesema pole.
Hakuna aliyesema zidisha kusali.
Mtu alimmiminia kahawa.

Mpanda ngazi hushuka: nimelishwa methali hii tangu utoto,
onyo la wenye kiburi.
Pale nikaisikia upya.
Hushuka, ndiyo. Basi na awepo
wa kuishika ngazi.

Mwanahawa, wa Tanga, anafanya kazi nyumba ya watu Al-Hail,
huja akipewa ruhusa.
Vidonge vyake hukaa ndani ya kopo la iliki.
Yeye ndiye aliyenifunza kuandika usingizi
kwenye kalenda ya jikoni: masaa saba, saba, sita.
"Ikifika manne," alisema, "nipigie,
kabla hujaanza kujiona malaika."

Sisemi tumepona.
Shaaban, Zamzam hakuja Jumanne mbili, simu imezimwa.
Thuwaiba, yule wa tochi, akasema twendeni.
Tukaenda watatu hadi Barka,
tukaketi na mama yake, hatukutaja kitu,
tukala sambusa, tukasifu mapazia.
Saa mbili nzima.
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
"Mna kelele nyie," alisema.
Akaja akakaa. Hakula.
Kukaa kulitosha.

Leo ufunguo ni zamu yangu.
Nimepanga viti, nimejaza jagi.
Nje kuna gari jeupe kwenye raundabauti,
taa zake zinapita dirishani, mara ya pili sasa.
Naliacha lizunguke.
Tochi ninayo mkononi.
Ya nne, nitatoka.