Usiwashe

Usiwashe, mama. Chomoa ufunguo, nipe mimi.
Hata kumsabahi sijamsabahi Bi Tranter,
mlango wa gereji umefika nusu,
mvua ya Wolverhampton inatulowesha viatu tu.
Lori limeshusha gari jekundu, bapa, la mwaka themanini na sita,
taa zake zimelala ndani ya boneti.

"Linalia," akasema, "kama paka aliyefungiwa kabatini."
Likiwa baridi au likishapata moto?
Akafikiri. "Yote mawili. Ila vilio tofauti."
Nikampenda kwa jibu hilo.
Mkanda uliolegea hupiga makofi, uliokazwa mno huimba,
na beringi iliyochoka hulia juu ya vyote viwili.

Kifuniko kina boliti tano. Moja ilinikatalia nusu saa.
Tochi mdomoni, nikaiona mikanda miwili:
wa nje wa kuituliza injini isitetemeke,
wa ndani ndio wa taimingi, na huo hauna mchezo.
Umeishika kranki na kamshafti kama watu wawili kwenye kinu kimoja:
mchi wako ukipanda wangu unashuka,
ukikosea pigo
tunavunjana vidole.

Mkanda ulikuwa unang'aa. Mpira haufai kung'aa.
Sili ya mbele imevuja oili, tone, tone,
nani ajuaye tangu lini.
Nikaupindua kwa kidole gumba: nyufa
kama za kisigino mwezi wa Januari,
na meno matatu yamelika mpaka kwenye nyuzi.

"Lakini huo mpya," akasema, akanipa daftari la Roy.
Penseli, mwandiko wa mtu asiyekopa:
*Mkanda. Mei 2009. Maili 61,204.*
Nikachungulia dashibodi. 61,230.
Kisha macho yake yaliharibika, akasema. Kisha mengine.
Nikatafuta namna ya kumweleza bila kumsema marehemu:
mpira hauhesabu maili, mama.
Unahesabu baridi.
Gari hili halikuchakaa kwa kwenda.

Nikatoa plagi zote nne.
Spana ya ishirini na nne kwenye boliti ya kranki,
kuelekea mwendo wa saa, mizunguko miwili, polepole,
maana chuma kikigusa chuma
kifundo cha mkono hujua kabla ya sikio.
Hakikugusa.
Ila alama: flaiwili imesimama mstarini
na kamshafti imebaki nyuma.
Jino moja.
Jaswinder akaja, akatazama, akapiga mluzi, akarudi kwenye chai yake.

"Umeliwasha lini mara ya mwisho?"
Bi Tranter akaangalia sakafu, pale penye doa la oili la gari la mtu mwingine.
"Kila Jumapili tangu tumzike. Dakika kumi.
Siendi popote.
Nikishawasha nahamia kiti cha abiria."

Sikusema kitu. Nikavuta bomba la kompresa,
nikasukuma upepo silinda moja moja, sikio kwenye ekzosti.
Ya kwanza kimya. Ya pili kimya.
Ya tatu, nikasikia pumzi, sss, nikajua basi, valvu imepinda,
nikaziba mdomo: ilikuwa pumzi yangu.
Ya nne kimya.

Nikamwandikia bei nyuma ya risiti ya maziwa:
mikanda miwili, roli zake, sili,
na pampu ya maji maadamu tumeshafika huko.
Akaikunja bila kuisoma.
Kisha, mkono uko tayari kwenye mlango:
"Na Jumapili hii?"

Nikaligeukia gari, boneti wazi, mkanda umening'inia
kama ulimi wa mbwa aliyekimbia sana.
Jumapili huwa nakuja kufagia, nikamwambia,
mlango wa nyuma siufungi mpaka saa saba.
Njoo tu.
Kiti cha abiria hakina ubovu.